Gari-nyumba na Barua kwa Ndugu: Filamu Mbili za Wastaafu

Muhula uliopita tuliwapa wanafunzi wa somo la tafsiri zoezi lililozua mabishano kuliko tulivyotarajia. Tulichukua filamu iitwayo About Schmidt, iliyoongozwa na Alexander Payne mwaka 2002, tukawataka wazitafsiri kwa Kiswahili barua ambazo mhusika mkuu anamwandikia mtoto mmoja wa Kitanzania. Kazi ilikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye gari. Warren Schmidt na mkewe Helen, wakazi wa Omaha katika jimbo la Nebraska, wamenunua gari lenye vitanda, jiko, choo na bafu. Urefu wake ni futi 35, yaani zaidi ya mita kumi. Nia yao ni kuzunguka nalo baada ya mume kustaafu kazi ya mahesabu ya bima. Je, chombo hicho tukiiteje mbele ya mtoto wa miaka sita? Na wanaoishi ndani yake mwaka mzima, maana wapo wengi huko Marekani, tuwape jina gani?

La kwanza halikuwa gumu sana. "Karavani" ilikataliwa kwa sababu karavani huvutwa na gari jingine, na hili linajiendesha lenyewe. "Basi la kulala" ilichekwa, kwani basi lina utingo na nauli. Mwishowe tulikubaliana juu ya "gari-nyumba", na ndilo neno tutakalolitumia hapa.

La pili ndilo lililotugawa. Kundi moja liliandika "wazururaji". Jingine liliandika "wasio na makao". Mwanafunzi mmoja, kijana mpole ambaye kwa kawaida hasemi darasani, alisimama akatukumbusha kwamba mwacha asili ni mtumwa, kisha akauliza swali lililolinyamazisha darasa: mzee aliyeuza nyumba aliyolelea watoto wake akanunua gari, huyo atazikwa wapi?

Hapa kwetu Uganda swali hilo si la mzaha. Mwalimu akistaafu, jambo la kwanza analoulizwa ni kama amekwisha kujenga kijijini. Ndiyo maana tukaona si haki kulijibu swali hilo kwa filamu moja tu. Tukatafuta ya pili, The Leisure Seeker ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Mwitaliano Paolo Virzì kutokana na riwaya ya Michael Zadoorian iliyotoka mwaka 2009. Tulizitazama zote mbili pamoja na wanafunzi, na yafuatayo ndiyo maoni yetu.

Katika The Leisure Seeker wazee ni wawili hadi mwisho. John, anayeigizwa na marehemu Donald Sutherland, ni mwalimu mstaafu wa fasihi ambaye kumbukumbu zake zinaliwa na ugonjwa wa Alzheimer. Ella, anayeigizwa na Helen Mirren, ana saratani na amechoka na matibabu. Bila kuwaaga watoto wao wanaliwasha gari-nyumba lao la mwaka 1975 na kushika njia kutoka Massachusetts, kaskazini-mashariki mwa Marekani, hadi Key West, kisiwa kilicho kwenye ncha ya kusini ya Florida, kuiona nyumba ambamo mwandishi Ernest Hemingway aliishi katika miaka ya 1930. Mwalimu yeyote atacheka na kuumia kumwona John akiwahutubia wahudumu wa mikahawa juu ya Hemingway kwa ufasaha usio na dosari, kisha dakika chache baadaye akashindwa kulikumbuka jina la mkewe. Sutherland hafanyi vituko. Anayaacha macho yake yafanye kazi, na unaona mtu akitoka na kuingia ndani ya nafsi yake kama mtu aliyepoteza funguo.

Mandhari yenyewe ina walakini. Virzì ameichagua njia ambayo wastaafu wa kaskazini huipita kila mwaka, lakini ameichagua katika msimu usio wake. Hadithi yake ni ya kiangazi cha mwaka 2016, wakati wa kampeni za urais. Wastaafu halisi wa magari-nyumba hushuka kusini majira ya baridi yanapoanza, kati ya Oktoba na Desemba, na kurudi Machi au Aprili. Huitwa "ndege wa theluji" kwa sababu huikimbia theluji kama ndege wahamao. Wako wanaotoka Michigan, Wisconsin, hata Kanada, na hutandaa kwenye pwani ya Ghuba ya Meksiko kuanzia Florida, kupitia Alabama, hadi kusini mwa Texas, ambako wenyeji wamewapa jina la "Wateksasi wa majira ya baridi". Wengi wana nyumba za kurudia. Wengine hawana: gari ndilo nyumba yao ya Januari na ya Julai.

Maisha hayo hayana mwendo mwingi kama filamu zinavyotaka tuamini. Ukifika unalirudisha gari kinyumenyume kwenye nafasi yako, mke amesimama nyuma akipunga mikono na mume akitazama kioo, na wengi husema kwamba ndoa hupimwa hapo. Kisha unaunganisha waya wa umeme, bomba la maji safi na bomba la maji machafu. Chini ya sakafu mna matangi matatu: la maji safi, la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na la choo. Hili la tatu halina mashairi, lakini mtu asiyelijua hawezi kudai kuyajua maisha haya. Baada ya hapo unakaa. Unalipa kodi ya mwezi, unafua, unatembea ufukweni na mbwa, unapeleka bakuli la chakula kwenye mlo wa pamoja wa jioni. Majirani ni walewale wa mwaka jana, na asiyeonekana mwaka huu anaulizwa habari zake. Wanafunzi wetu walipoelezwa haya, mmoja alisema kwamba hicho ni kijiji. Mwingine, mzaliwa wa Karamoja, alisema kwa ukali kidogo kwamba wafugaji huhama na ng'ombe kiangazi kufuata malisho na hakuna anayewaita wasio na kwao. Halafu akajirekebisha mwenyewe, akasema wapo wanaowaita hivyo, na ndiyo sababu yeye hataki neno lile litumike.

Baada ya maneno yake, neno "wazururaji" lilifutwa ubaoni.

Tukizirudia filamu kwa jicho hilo, tunaona kwamba zote mbili zinakipita kijiji hicho mbio. Payne anakigusa mara moja, na mara hiyo anakigusa vizuri sana. Helen amekwisha kufa ghafla. Schmidt, mjane wa miaka 66, analiendesha gari-nyumba peke yake, na mume na mke mmoja walioegesha karibu naye wanamkaribisha chakula. Tazameni jinsi gari lao lilivyo safi, jinsi wanavyotaniana, jinsi wanavyomsikiliza mgeni. Mke anamwambia kwa upole kwamba anaona huzuni ndani yake, na tena hasira na upweke. Mume anatoka kidogo. Schmidt, ambaye pengine hajasikilizwa kwa miaka mingi, anaudhani wema huo kuwa jambo jingine, anambusu, na anafukuzwa usiku huohuo. Kejeli ya onyesho hili ni chungu: amealikwa katika maisha aliyoyanunua kwa fedha zake, na hajui adabu yake. Kwa maoni yetu hapo Payne amewaheshimu wale jirani kuliko alivyomheshimu mhusika wake mkuu, na amefanya sawa.

Virzì naye ana onyesho moja la namna hiyo. Jioni kambini Ella anatundika shuka, anawasha projekta, na kumwonyesha John slaidi za familia ili kumbukumbu zisimtoke. Watu wa magari mengine wanasogea, wanaketi nyuma yao gizani, wanatazama picha za watoto wasiowajua. Hakuna anayeeleza kitu. Hili ndilo onyesho bora katika filamu nzima, na laiti mwongozaji angelikalia zaidi badala ya kukimbilia vibaka wa barabarani na bunduki.

Wenye kupenda kungoja mwisho watuwie radhi, maana hatuwezi kuhakiki filamu hii bila kuutaja. Ella, alipoona nguvu zake zimekwisha, anaamua kwamba wote wawili wafe pamoja ndani ya gari lao, na anaitekeleza nia hiyo mumewe akiwa usingizini. Filamu inauchukulia uamuzi huo kama upendo mkubwa. Muziki unatuambia tulie, nasi tulilia. Lakini siku ya pili tulijiuliza: John aliulizwa? Mtu aliyekuwa akienda na kurudi katika akili zake, asubuhi moja amekuwa mwalimu kamili na jioni mgeni, ni nani aliyemwamulia kwamba asubuhi nyingine haitakuja? Tena kwa muda wote wa safari ni huyohuyo John aliyekuwa ameshika usukani, kwenye barabara zenye watu wengine na watoto wao, na filamu inatutaka tucheke. Hatusemi kwamba msanii hana ruhusa ya kusimulia hayo. Tunasema kwamba amelikwepa swali gumu kwa kulifunika kwa machweo mazuri ya Florida.

Na swali gumu ni lile la wanandoa wote wa gari-nyumba: siku mmoja wetu asipoweza kuendesha, itakuwaje? Wenyewe walikwisha kujiuliza zamani. Chama chao kimoja, Escapees, kilichoanzishwa mwaka 1978 na mume na mke, Joe na Kay Peterson, kilijenga huko Livingston, Texas, kituo cha wanachama waliozeeka au kuugua. Mgonjwa hahamishwi kwenda kwenye chumba cha hospitali. Analiegesha gari lake pale, analala kitandani pake mwenyewe, naye anapata milo, msaada wa usafi na wa kupelekwa kwa daktari, mwenzake akipumzika mchana. Tazama basi: watu ambao sinema inawaona kama wakimbizi wa kifo walikaa kikao wakapanga namna ya kuuguzana. Tulipomweleza yule kijana mpole habari hizi alitikisa kichwa, akasema bado hatujamjibu atazikwa wapi. Kweli hatujamjibu. Kuna filamu ya tatu, Nomadland ya mwaka 2020, inayowahusu waliosukumwa na umaskini kuishi katika magari baada ya mtikisiko wa uchumi wa mwaka 2008; hiyo tumeiacha kwa makusudi, kwa kuwa ufukara ni mada nyingine na haifai kuchanganywa na hiari.

Turudi kwa Schmidt, maana kuna jambo ambalo mtazamaji wa Omaha hawezi kulisikia na sisi tunalisikia. Kwa kuvutwa na tangazo la televisheni, Schmidt anajitolea kumlipia mtoto wa Tanzania dola 22 kila mwezi. Mtoto anaitwa Ndugu Umbo. Kama jina, halishawishi: ni kama mtu amefungua kamusi akachukua maneno mawili. Lakini ajali hiyo imezaa kitu. Kila barua ya Schmidt inaanza kwa kumtaja Ndugu mpendwa, na kwa Mswahili hilo si jina la mtoto, ni mwanzo wa barua yoyote. Tanzania ya baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ililifanya neno "ndugu" kuwa anwani ya kila raia, na barua za ofisini bado huanza nalo. Kwa hiyo mzee huyu, anayelalamika juu ya mkewe kwa mtoto asiyemjua, anayedanganya kidogo kuhusu safari yake, anayeficha kwamba alifukuzwa katika gari la watu, kumbe anamwandikia yeyote aliye tayari kuipokea barua yake. Katika Kiingereza kejeli ni kwamba ameandikia mtu asiyefaa. Katika Kiswahili kejeli inageuka: amepata anwani sahihi bila kujua.

Hapo ndipo tafsiri inapokuwa ngumu kwelikweli. Ukiandika "Mpendwa Ndugu", kwa herufi kubwa, jina linabaki lakini barua inasomeka kama ya karani. Ukiandika "Mwanangu Ndugu", umempa Schmidt upole ambao hana bado. Na mwisho wa filamu, mtawa anayemlea mtoto anamjibu kwamba Ndugu hajui kusoma wala kuandika, akiambatanisha picha aliyoichora mtoto: watu wawili, mkubwa na mdogo, wameshikana mikono. Schmidt analia. Filamu haituelezi mtawa alimsomea mtoto barua zile kwa lugha gani. Sisi tunadhani alizisoma kwa Kiswahili, akizipunguza.

Kwa walimu watakaopenda kulijaribu zoezi hili: About Schmidt ina dakika 125 na The Leisure Seeker 112, kwa hiyo vipindi viwili vya kawaida havitoshi. Zote mbili zina maneno na mambo yasiyofaa kwa wanafunzi wa sekondari. Sisi tuliwapa wanafunzi barua tatu tu, ya kwanza, ile inayofuata kifo cha Helen, na ya mwisho, kisha tukawaomba waandike jibu la Ndugu akiwa mtu mzima, kwa lugha anayoipenda. Majibu kumi na moja kati ya kumi na manne yalimwalika mzee aje Tanzania. Moja lilimuuliza kama bado analo lile gari-nyumba, na kama barabara za kwao zingelifaa.