Pointi 74 za Miami na kombe lililobaki Carson

Inter Miami walimaliza msimu wa 2024 wa ligi kuu ya Marekani, MLS, wakiwa na pointi 74 katika mechi 34. Hakuna timu nyingine iliyokuwa imewahi kufikisha idadi hiyo katika ligi ile. Rekodi ya awali, pointi 73, iliwekwa na New England mwaka 2021. Lionel Messi alicheza mechi 19 tu, akafunga mabao 20 na kutoa pasi za mabao 16. Kwetu, timu ya namna hiyo ingekabidhiwa kombe na mashabiki wangeingia barabarani. Miami walipewa Ngao ya Mashabiki, tuzo ya wenye pointi nyingi zaidi, kisha wakaambiwa kazi ndiyo inaanza.

MLS imegawanywa kanda mbili, Mashariki na Magharibi. Mwaka ule Mashariki ilikuwa na timu 15: kila moja ilikutana na jirani zake 14 mara mbili, na mechi 6 tu zilizobaki zikachezwa na timu za upande wa pili. Timu tisa za juu za kila kanda ziliingia mtoano. Ndiyo maana Atlanta walifuzu kwa pointi 40 kule Mashariki, wakati FC Dallas, timu ya Bernard Kamungo aliyezaliwa katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, walibaki nje na pointi zao 41 kule Magharibi.

Atlanta hao hao ndio waliowang'oa Miami. Raundi ya kwanza huchezwa kwa mechi tatu, anayeshinda mbili anasonga, na sare huamuliwa kwa matuta. Miami walishinda ya kwanza 2-1, wakapoteza ya pili kwa matokeo kama hayo, na ya tatu wakapigwa 3-2 nyumbani kwao Fort Lauderdale. Walitangulia kupitia Matías Rojas, lakini Jamal Thiaré akafunga mawili ndani ya dakika chache. Messi akasawazisha kwa kichwa, na Bartosz Slisz akamaliza kazi kwa kichwa pia. Haikuwa bahati tupu. Mwezi Mei Atlanta walikuwa wameshawafunga Miami 3-1 katika uwanja ule ule. Timu inayopandisha watu wengi mbele huacha nafasi nyuma, na Atlanta walizitumia huku kipa wao Brad Guzan akizuia mashuti yaliyosalia.

Sasa watazame LA Galaxy, maana wao ndio waliousoma mfumo huu vizuri zaidi. Mwaka 2023 walikuwa wa 13 kati ya timu 14 za Magharibi. Kocha Greg Vanney akaletewa mawinga wawili wenye kasi, Joseph Paintsil kutoka Ghana na Mbrazili Gabriel Pec. Riqui Puig alishuka chini kuuchukua mpira kwa mabeki, mawinga wakakimbilia nyuma ya ngome ya wapinzani, na Dejan Joveljić akakaa katikati akisubiri. Wote wanne walifikisha mabao 10 au zaidi. Na katika uwanja wao wa Carson hawakupoteza hata mechi moja mwaka mzima.

Hapo ndipo pointi zao 64 zilipolipa, maana baada ya raundi ya kwanza mwenye pointi nyingi zaidi ndiye huwa mwenyeji. LAFC, waliolingana nao kwa pointi na kuwazidi kwa tofauti ya mabao, walitolewa na Seattle, kwa hiyo fainali ya kanda ikahamia Carson. Katika mechi hiyo Puig alichanika mshipa wa goti la kushoto, akaendelea kucheza, na dakika ya 85 akampenyezea Joveljić pasi ya bao pekee. Tarehe 7 Desemba wapinzani walikuwa New York Red Bulls, wa saba Mashariki kwa pointi 47, kwa hiyo fainali ya ligi nayo ikachezwa Carson.

Bila Puig, Vanney alimwanzisha Gastón Brugman, kiungo ambaye hakuwa akianza mara kwa mara msimu ule. Dakika ya 9 Brugman alipitisha pasi katikati ya mabeki, Paintsil akafunga. Dakika ya 13 Joveljić akakokota mpira na kuongeza la pili. Sean Nealis alirudisha moja baada ya kona, lakini Galaxy walishikilia 2-1 hadi mwisho na kutwaa taji lao la sita. Brugman akatangazwa mchezaji bora wa fainali.

Galaxy walistahili. Lakini raundi ile ya mechi tatu haina haki: ushindi wa 5-0 una uzito sawa na ushindi wa matuta, na timu iliyoongoza kwa miezi minane hailindwi na chochote zaidi ya mechi moja ya ziada nyumbani. Raundi hiyo ingechezwa nyumbani na ugenini kwa jumla ya mabao, na wa kwanza wa kila kanda aanzie nusu fainali ya kanda yake.