Beni Haikuwa Kasuku

Kuna hoja imezagaa kati yetu vijana tunaoandika: eti ngoma ya beni siyo urithi wetu, maana waliiga bendi za kijeshi za Wazungu. Mimi naikataa. Hata hapa Nyakahanga, nikisoma shairi langu lisilo na vina, naambiwa nimewaiga Wazungu. Kumbe kesi ni ileile.

Hebu tuitazame beni yenyewe. Ilizuka pwani, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19. Mombasa walishindana Kingi na Skochi. Tanganyika wakawa Marini na Arinoti. Walivaa sare, wakapiga gwaride, wakapeana vyeo vya kifalme na kijeshi, wakatungiana nyimbo za kuumbuana. Vita vya 1914-1918 viliwasomba askari na wapagazi, nayo beni ikaenda nao bara. Maafisa wa kikoloni wakaitilia mashaka. Sasa jamani, mtu anamwogopa kasuku wake?

Terence Ranger aliifuata safari hiyo katika kitabu chake Dance and Society in Eastern Africa (1975). Sifa yake ni kwamba aliwaona wachezaji kama watu wenye akili na mipango: walisaidiana, walizikana, walijenga umoja ugenini. Lakini ni kitabu cha mwanahistoria. Kinauliza nani alicheza, wapi, lini. Sisi waandishi tuna swali la ziada: nani alichekwa, na kwa maneno gani?

Wenzetu wa Trinidad wangetuelewa. Kanivali ilikuwa sherehe ya mabwana wa mashamba, wengi wao Wafaransa. Watumwa walipokuwa huru kabisa mwaka 1838, waliiingilia wakaigeuza kuwa ya kuwakejeli mabwana. Mwaka 1881 polisi walitaka kuwazima, wakapigana nao barabarani Port of Spain. Ngoma zikabanwa kwa sheria. Watu wakagonga mianzi, na baadaye mapipa ya mafuta. Nenda leo kamwambie Mtrinidadi kanivali ni ya Wafaransa, uone!

Tunachopaswa kukilaumu ni kingine. Kuna ngoma zinazoitwa za asili, mavazi kamili, ngozi na njuga, zinazochezwa uwanjani kumsubiri mgeni rasmi. Wimbo wote ni kumsifu yeye na msafara wake. Hazimchomi mtu. Kagera hii iliyolea majigambo, ambamo mtu alisimama mbele ya wakubwa akajitaja kwa kinywa chake, tunaridhikaje na hayo? Kati ya ngoma hiyo na Arinoti wa sare za kuazima, mimi namchagua Arinoti.

Basi vijana wenzangu, mkinihukumu, msiniulize umbo la shairi nimelitoa wapi. Niulizeni limemsema nani, na kama ningethubutu kulisoma akiwa amekaa mstari wa mbele.