Fisi Asiye na Mwenyewe: Ubora na Udhaifu wa Filamu ya Kutisha *Dominion: Prequel to the Exorcist* (2005)

1.0 Utangulizi

Filamu ya *The Exorcist*, iliyoongozwa na William Friedkin mwaka 1973, ilizaa mfululizo wa filamu za kutisha, na mbili kati ya hizo zimejengwa katika mandhari ya Kenya ya kikoloni. Paul Schrader alipiga picha za kisa kinachoitangulia filamu ya 1973, lakini kampuni ya Morgan Creek haikuridhika na kazi yake, ikamkabidhi Renny Harlin jukumu la kuitengeneza upya. Filamu ya Harlin, *Exorcist: The Beginning*, ilitoka mwaka 2004, ya Schrader, *Dominion*, ilitoka mwaka 2005. Katika zote mbili, Padri Merrin, anayeigizwa na Stellan Skarsgård, amepoteza imani na anafukua kanisa la Kibizanti lililozikwa ardhini huko Turkana, mwishoni mwa miaka ya 1940.

Uhakiki huu unaijadili filamu ya Schrader kwa kuilinganisha na ya Harlin, na unaitazama kutoka Babati, mji unaopakana na eneo la Wambugwe, ambao simulizi zao kuhusu fisi zinatoa kipimo kinachofaa cha hofu. Hoja inayoongoza ni kwamba filamu hii hutisha pale uovu unapokuwa na mwenyewe, na hupoa pale uovu unapoachwa bila mwenyewe.

2.0 Ubora wa Filamu

Ubora wa kwanza umo katika msuko. *Dominion* inafunguka Uholanzi wakati wa Vita Kuu ya Pili, ambapo ofisa wa Kinazi anamlazimisha Merrin kuchagua watu kumi wa kupigwa risasi kama kisasi cha askari aliyeuawa. Baadaye, askari wawili wa Kiingereza wanakutwa wamekufa ndani ya kanisa lililofukuliwa. Meja Granville anaingia kijijini, anadai atajiwe mkosaji, kisha anampiga risasi mwanamke asiye na hatia. Matukio haya mawili yamepewa umbo moja kwa makusudi. Mtazamaji anayejua kwamba Turkana ilishuhudia operesheni za kijeshi za Waingereza, ikiwamo ile ya Labur ya mwaka 1918, hahitaji pepo ili kuielewa risasi ya Granville.

Harlin aliitawanya kumbukumbu ya Uholanzi katika vipande vifupi, hivyo mwangwi huo ukadhoofika. Schrader aliuacha usikike, na Granville anapojiua kwa majuto, filamu inakiri kwamba dola nayo ina dhambi zake.

Ubora wa pili ni nafasi ya mashaka. Jomo, shujaa wa Kiturkana, anaingia katika darasa la misheni na kuwaua watoto kwa kuamini kwamba Ukristo ndio ulioleta balaa. Kitendo hicho ni cha kinyama, lakini hoja iliyo nyuma yake haipuuzwi: ni wageni waliofukua kilichokuwa kimezikwa.

3.0 Udhaifu wa Filamu

Udhaifu wa kwanza ni wa uhusika na mandhari. Picha zilipigwa Morocco na katika studio za Roma. Kijana aliyepagawa anaitwa Cheche na anaigizwa na Mfilipino Billy Crawford. Mkalimani anaitwa Chuma. Yote mawili ni maneno ya Kiswahili, ilhali Waturkana wana lugha yao ya Kiniloti na majina kama Ekai na Lokai. Aidha, eneo hilo lina nguzo za mawe za kale za Namoratunga, ambazo simulizi za wenyeji husema ni watu waliogeuzwa mawe. Filamu iliyosafirisha kanisa zima la Kibizanti hadi Turkana imeipita hofu iliyokuwa imesimama pale pale.

Inaweza kutetewa kwamba sanaa ina uhuru wa kubuni. Utetezi huo ni sahihi, lakini haugusi udhaifu wa pili, ambao ni wa kisanaa: fisi. Katika filamu ya Harlin, mtoto James anararuliwa na fisi waliotengenezwa kwa kompyuta. Katika *Dominion*, iliyokamilishwa kwa fedha kidogo, fisi wa aina hiyo wanaonekana bandia zaidi. Hata hivyo, kasoro kubwa kuliko ubandia ni kwamba fisi hawa hawatoki kwa mtu yeyote. Robert F. Gray, katika makala iliyochapishwa mwaka 1963, alieleza imani ya Wambugwe kwamba mchawi humiliki fisi, humkamua maziwa na humpanda usiku. Katika imani hiyo kinachotisha si meno ya mnyama. Kinachotisha ni kwamba anarudi alfajiri kwenye boma la jirani anayefahamika.

Imani hiyo nayo ina gharama. Nchini Tanzania, tuhuma za uchawi zimewaua wanawake wazee. Kumtafuta mwenye fisi kunaweza kuishia kwa kumuua aliye karibu na asiye na mtetezi. Hilo ndilo analolifanya Granville kijijini. Schrader, basi, aliigusa hofu hii katika binadamu, lakini hakuitambua katika mnyama.

4.0 Hitimisho

*Dominion* ni bora kuliko filamu iliyochukua nafasi yake, kwa kuwa inawauliza wenye bunduki kuhusu damu waliyoimwaga. Inadhoofika pale inapourudisha uovu chini ya udongo wa Afrika, kana kwamba udongo huo ndio ghala lake, ilhali sura yake ya kwanza imekwisha kuonesha kwamba uovu ulikuwa Uholanzi kabla Merrin hajafika Turkana. Watunzi wa filamu za kutisha wa Afrika Mashariki wana la kujifunza hapa: fisi wa kompyuta huchakaa kadiri teknolojia inavyosonga mbele, bali swali la nani anamtuma fisi, na nani atauawa kwa kudhaniwa ndiye, halichakai.