Nyama Chini ya Wali

Mkahawa wa Kiafghani, popote ulipo nje ya nchi yake, hujikuta umetegewa kitendawili: mgeni alipaye ni mgeni bado, au amekwisha kuwa mnunuzi?

Swali si dogo. Kwa Waafghani mlo huanzia kwenye dastarkhani, kitambaa kitandikwacho sakafuni, walaji wakakizunguka juu ya magodoro na mito. Kabla ya chakula huja birika na beseni, mikono ikamiminiwa maji. Msomaji wa pwani, aliyelelewa kwenye mkeka na sinia, hahitaji kufasiriwa hayo. Wala hahitaji kuelezwa kwa nini husemwa mgeni njoo mwenyeji apone.

Mizani ya mkahawa wa namna hii ni kabuli palao. Wapo walinasibishao jina hilo na mji wa Kabul, na wapo walitoao kwenye neno *qabil*, kwa maana ya ustadi wa mpishi. Palao na pilau ya Unguja ni neno moja, lakini utunzi wao ni mbalimbali. Pilau huchanganya: nyama, viazi, bizari na wali huonekana pamoja. Palao huficha. Nyama ya kondoo hulazwa chini, ikafunikwa kwa mchele mrefu ulioiva kwa supu yake na kupata rangi ya kitunguu kilichokaangwa. Juu hutawazwa karoti zilizokatwa nyembamba na kutiwa sukari, zabibu kavu, na pengine lozi. Aishiaye juu hudhani ameandaliwa utamu mtupu. Hili ni fumbo kama mafumbo ya washairi: maana iko chini, na mkono ndio uifikiao. Mkahawa umwogopao mteja huitoa nyama na kuipanga juu, ili aone alicholipia. Fumbo hilo limefumbuliwa kabla halijasomwa.

Makosa ya mapambo ni mepesi zaidi. Zulia lililotundikwa ukutani limeacha kuwa zulia, limekuwa picha ya zulia.

Mfano ulio bora ni Parwana, mkahawa wa mjini Adelaide, Australia, uliofunguliwa mwaka 2009 na familia ya Ayubi. Parwana ni yule mdudu mwenye mbawa ambaye katika ushairi wa Kiajemi huuzunguka mshumaa hata akaungua. Ni jina zito kwa watu walioihama Kabul miaka ya 1980, vita vya Wasovieti vikiendelea. Durkhanai Ayubi alipotoa kitabu cha mkahawa huo mwaka 2020, hakuyaacha mapishi yasimame peke yake. Aliyasuka na historia ya nchi na safari ya jamaa zake. Na mapishi yenyewe yanatajwa kuwa ya Farida, mama yake. Kutajwa huko kuna thamani kuliko picha zote nzuri za kitabu.

Kwani chakula hiki ni kazi ya mikono. Ashaki, vifuko vya unga vilivyojazwa majani ya gandana, jamii ya kitunguu, hufungwa kimoja kimoja, vikachemshwa na kumwagiwa mtindi wenye thomu. Ni kazi ya wanawake kadhaa na mazungumzo marefu. Aprili 2023 watawala wa Taliban mjini Herat walizipiga marufuku familia na wanawake kuingia katika mikahawa yenye bustani. Bustani: neno ambalo Kiswahili kimelipata kwa Waajemi hao hao! Mpishi wa kike atokaye jikoni, akaketi kula hadharani pamoja na wageni wake, anafanya ugenini jambo ambalo Herat ilikatazwa.

Mwisho huja chai ya kijani yenye iliki. Nyumbani kikombe hujazwa tena na tena mpaka mgeni akifunike kwa kiganja. Mkahawani karatasi ya hesabu ndiyo ikifunikayo, na mwenye mkahawa aliye mwungwana huichelewesha.