Binti Asiyeulizwa: Kuisoma Upya Adili na Nduguze

Wengi wetu tuliisoma Adili na Nduguze shuleni. Tulifundishwa kwamba ni hadithi ya ndugu watatu, Adili aliye mwema, na Hasidi na Mwivu ambao majina yao yanajieleza. Shaaban Robert aliitoa mwaka 1952. Tulijibu maswali ya mtihani juu ya kijicho na fadhila, kisha tukakifunga kitabu. Mwaka jana, sisi akina mama tunaokutana kila Jumatano katika usharika mmoja hapa Tunduma tulikifungua tena, tukakisoma kwa sauti kwa kupokezana, maana nakala zilikuwa mbili tu. Safari hii tuliwafuata wanawake wawili waliomo, Huria na Mwelekevu, na tukakuta jambo ambalo mwalimu hakutuonyesha.

Huria ni binti wa majini. Tunakutana naye akiwa amejigeuza kiumbe dhaifu, mbio, na nyuma yake yupo kiumbe mkali anayemfukuza. Adili anamwua yule mkali, na hapo ndipo tunapoambiwa kwamba aliyekuwa akikimbia ni binti, na aliyemfukuza alikuwa akimtaka kwa nguvu. Mwandishi amempa binti huyo jina lenye maana ya mtu aliye huru.

Jambo lililotugusa ni kwamba Adili hamdai kitu. Hasemi kwamba kwa kuwa amemwokoa, basi ni wake. Wanaoishi mpakani wanajua uzito wa jambo hili. Hapa malori hupanga foleni usiku na mchana kuelekea Nakonde na kwingineko Zambia, na wasichana wengi huja kutoka vijijini Momba na Mbozi kutafuta kazi kwa mama lishe, gengeni na katika nyumba za wageni. Msaada kwa msichana, uwe lifti, chumba au mtaji mdogo, mara nyingi huja na bei ambayo haitajwi mwanzoni. Adili anatoa msaada usio na bei, kisha anakwenda zake. Tungependa vijana wetu wa kiume waisome sehemu hiyo mara mbili.

Baadaye ndugu zake Adili wanapomtosa baharini, Huria ndiye anayemwokoa. Anawageuza Hasidi na Mwivu kuwa manyani, na anaagiza wapigwe kila usiku. Adili, ambaye sasa ni liwali wa Janibu, huwachapa huku akilia, lakini hathubutu kuacha. Mfalme Rai mwenyewe, mwenye enzi kubwa, hana uwezo wa kuifuta adhabu ile. Inambidi awaombee msamaha kwa Huria, naye Huria anakubali. Tulijadili jambo hili Jumatano nzima. Akina mama tumezoea kuambiwa tusamehe, na ni kweli imani yetu inatuagiza hivyo. Lakini msamaha wa Huria una uzito kwa sababu alikuwa na uwezo wa kukataa. Mwanamke asiye na uwezo huo anaweza kunyamaza tu, na mara nyingi watu huuita ukimya wake msamaha.

Mwelekevu naye ni binadamu, binti wa mfalme katika Mji wa Mawe. Watu wa mji huo walikataa onyo wakageuka mawe, naye akabaki hai peke yake kwa imani yake. Hakuirithi imani hiyo kwa baba wala hakufuata mkumbo wa jirani. Kwetu sisi, huyu ndiye shujaa wa kitabu. Lakini mara anapopanda chomboni pamoja na Adili, hadithi inamnyang'anya nafasi hiyo. Hasidi na Mwivu wanamtamani. Hawamwulizi anamtaka nani, wala kama anamtaka yeyote. Hesabu yao ni fupi: Adili akiondoka, binti atabaki kama mzigo usio na mwenyewe. Imani iliyosimama mbele ya mji mzima haikutosha kumfanya aulizwe na wanaume wawili wa jahazi moja.

Hapo ndipo tunapomkosoa mwandishi, kwa heshima zote. Uwezo wa kuhukumu na kusamehe ameuweka kwa mwanamke wa majini. Mwanamke wa damu na nyama amemwachia subira. Mmoja wetu alimtetea, akasema kwamba wakati ule jini aliweza kusema yale ambayo mwanamke wa kawaida asingeruhusiwa kuyasema. Huenda ni kweli. Shaaban Robert huyuhuyu aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa Unguja aliyetoka katika umaskini akawa mwimbaji mkubwa. Lakini pia alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, akimwusia kumtii mumewe. Mikono hiyo miwili tunaiona hata katika Adili na Nduguze, mmoja unafungua mlango na mwingine unaurudisha.

Maandiko yametutangulia katika jambo hili. Katika Mwanzo 24, zawadi zimekwisha kutolewa na wakubwa wamekwisha kukubaliana, ndipo Rebeka anapoitwa na kuulizwa kama atakwenda na mtu yule. Anajibu mwenyewe. Katika nchi yetu, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya wazazi. Ni Rebeca mwingine, Rebeca Gyumi, aliyekwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2016 ikaamua kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Serikali ilikata rufani, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi ule.

Tuliyajua hayo yote, na bado tulinyamaza. Katika miezi ileile ya kusoma kitabu, binti mmoja wa usharika wetu, aliyemaliza darasa la saba mwaka uliotangulia, alikuwa amekwisha kutolewa mahari. Baadhi yetu tulipika pilau siku ya kuipokea. Tulipofika sehemu ya jahazi, mama mmoja alikiweka kitabu magotini akauliza, "Na huyu wetu, nani amemwuliza?" Hakuna aliyejibu. Wiki iliyofuata tulikwenda kwa mchungaji na wazee wa kanisa, tukaomba binti aulizwe akiwa peke yake, baba yake asiwepo. Aliulizwa. Akasema hataki, anataka kujifunza kushona.

Haikuishia vizuri kwa kila mtu. Sehemu ya ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kuuzwa, na deni lile halijalipwa lote. Baba wa binti haji tena ibadani, na mama yake hupita mbali na sisi sokoni. Binti yuko kwa shangazi yake Vwawa, anashona. Hatusemi kwamba tumemkomboa. Tumechelewa kwake, na wapo wengine ambao hatukuwafikia kabisa.

Kitabu hiki tunakipendekeza, pamoja na upungufu wake. Lugha yake ni tamu, inafaa kusomwa kwa sauti, na hadithi yake haichoshi hata baada ya kutwa nzima ya biashara. Tumechanga tukanunua nakala nyingine tatu kwa ajili ya darasa la kipaimara, la wasichana na la wavulana. Watakapofika kwenye jahazi tutawasimamisha, tumwulize kila mmoja Mwelekevu angejibu nini kama angeulizwa. Majibu watayaandika wenyewe.