Umbo Dhidi ya Tufe: Uhakiki wa Kielelezo cha Mwendo wa Chembe katika Ultrasauti kwa Mfano wa Visukuku vya Kilwa

Nadharia ya mwendo wa chembe ndogo katika ultrasauti, yaani sauti yenye marudio ya juu yasiyosikika na binadamu, ilijengwa juu ya tufe. King (1934) na Gor'kov (1962) walionesha kwamba nguvu inayosukuma tufe dogo kuliko urefu wa wimbi hutegemea ujazo wake na jinsi linavyotofautiana na kimiminika kwa densiti na mgandamizo. Uhakiki huu unadai kwamba kielelezo hicho hakitoshi kwa visukuku vya Kilwa.

Udongo wa mfinyanzi wa Kundi la Kilwa, ambalo formesheni yake mojawapo inaitwa Masoko, umehifadhi maganda ya foraminifera yanayong'aa kama kioo. Pearson na wenzake (2001) waliyatumia kukadiria joto la bahari ya kale. Maganda ya aina hii husafishwa kwa kawaida katika beseni la ultrasauti. Mengine yamekaribia kuwa tufe, mengine ni bapa, na yale ya Hantkenina yana miiba.

Mtetezi wa tufe atasema kwamba, katika beseni lenye mitetemo 40,000 kwa sekunde, wimbi majini lina urefu wa takriban sentimita 3.7, ilhali ganda la Hantkenina halifiki milimita 1; hivyo umbo halina uzito. Hoja hiyo inatosheleza nguvu ya jumla tu. Tabaka la maji linalozuiwa na mnato kandokando ya ganda lina unene wa takriban mikromita 3, na ncha kali huzalisha humo mikondo ambayo tufe halina. Ganda bapa nalo hugeuzwa, kama kisahani cha Rayleigh kinavyoukabili mtetemo kwa uso wake. Nadal na Lauga (2014) walikwenda mbali zaidi: kutolingana kwa umbo pekee kwaweza kuiendesha chembe. Hata hivyo, nadharia yao inahusu chembe ngumu isiyo na uwazi ndani. Ganda la Kilwa lina vyumba, na beseni lina viputo vinavyopasuka.

Kutoweka kwa jamii ya Hantkenina ndiko kunakotambulisha mpaka wa Eosini na Oligosini, uliochunguzwa pia katika pwani ya Lindi. Iwapo usafishaji huvunja maganda yenye miiba kuliko ya mviringo, upungufu uliozaliwa maabara unaweza kusomwa kama historia ya bahari. Kwa hiyo muda wa kuosha upimwe kwa kila umbo, na idadi ya maganda ihesabiwe kabla na baada.