Kuskani Mchoro Nyumbani: Usahihi Hupatikana kwa Kupima

Mchoro wa rangi ya maji ukipitishwa kwenye skana ya nyumbani, kinachopotea kwanza ni kile kilichomtaka mchoraji awe makini kuliko kingine chochote: rangi nyepesi. Anga iliyopakwa buluu ya maji mengi inageuka karatasi tupu, njano iliyofifia inafutika, na kivuli cha penseli kilichopapaswa kwa ncha laini kinaonekana kama uchafu. Wengi wakiona hivyo huilaumu mashine, wakaongeza idadi ya nukta kwa inchi au wakaanza kutafuta skana ya bei kubwa zaidi. Naona lawama hiyo mara nyingi haistahili. Skana nyingi za mezani, hata zile zilizounganishwa na printa, zinaziona tofauti hizo vizuri tu. Zinazoziua ni hukumu ambazo programu ya skana huzipitisha yenyewe kabla faili halijahifadhiwa, na dawa yake ni kuinyima programu hiyo nafasi ya kuhukumu, kisha kusahihisha rangi kwa kipimo kinachojulikana.

Tazama namna hasara inavyotokea. Katika faili la kawaida, kila pikseli hupewa namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja ikiwa kati ya 0 na 255. Karatasi ya rangi ya maji si nyeupe kabisa. Tuseme inasomeka 244, na buluu nyepesi iliyo juu yake inasomeka 236 kwenye nyekundu. Ngazi nane si nyingi, lakini anga nzima imo humo. Sasa programu ya skana imetengenezwa ikifikiria barua, risiti na vivuli vya vitambulisho, ambavyo uzuri wake ni maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe pe. Kwa hiyo inatafuta sehemu yenye mwanga mwingi, inaipandisha hadi 255, na kila kilicho karibu nayo kinasukumwa hadi 255 pamoja nayo. Ile 244 ikawa 255, ile 236 nayo ikawa 255. Hapo hakuna ufundi wa kompyuta utakaoirudisha anga, maana namba mbili zilizokwisha kulingana hazina tena habari ya kwamba ziliwahi kutofautiana. Anayetaka kuhakikisha kwamba tatizo liko kwenye programu achukue mchoro wa ukubwa wa A3 na kuuskani nusu kwa nusu kwenye skana ya A4, urekebishaji wa moja kwa moja ukiwa umewashwa. Nusu yenye giza jingi na nusu yenye anga zitatoka na weupe tofauti wa karatasi, na mshono utaonekana wazi pale zinapoungana. Karatasi ni ileile na taa ni ileile, ila mashine imehukumu mara mbili.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuzima kila kinachojirekebisha: mwangaza, kurejesha rangi, kuondoa mandharinyuma, kunoa kingo, kufuta vumbi. Nakala itakayotoka itaonekana imepooza na yenye giza kidogo. Hiyo ni dalili njema, kwa sababu habari zote bado zimo. Hatua ya pili ni kuweka kadi ya rangi juu ya kioo pamoja na mchoro. Iliyo maarufu ni ColorChecker, iliyoanza kutumika mwaka 1976, yenye vipande 24 ambavyo sita kati yavyo vinatoka nyeupe hadi nyeusi kupitia kijivu. Thamani zake zinajulikana. Faili likiwa katika mfumo wa rangi wa sRGB, kipande cheupe husomeka takriban 243, kijivu cha kati 122, na cheusi 52. Ukiweka kishale juu ya kipande cheupe ukasoma 255, umeshajua kwamba rangi nyepesi za mchoro zimo hatarini. Na kipande cha kijivu kinatakiwa kuwa na namba tatu zinazokaribia kulingana. Nyekundu ikizidi kwa sita au saba, mchoro wote umeingiwa na wekundu usio wake, hata kama jicho halijauona.

Hapa ndipo pana pingamizi lenye uzito: mchoraji anazijua rangi zake, kwa nini asirekebishe kwa macho akiwa ameushika mchoro wenyewe? Ni kwa sababu jicho halina sifuri. Likikaa mbele ya skrini yenye umanjano kwa dakika chache huichukua ile njano kuwa nyeupe, na baada ya hapo kila linachokisahihisha kinasahihishwa kwa kosa hilo. Taa ya sebuleni nayo inaubadilisha mchoro ulioshikwa mkononi. Wengine watasema watazamaji wenyewe wana simu zisizolingana, hivyo usahihi ni kazi bure. Kweli, simu hazilingani, lakini kosa la simu ya mtazamaji hujumlishwa juu ya kosa la faili, na la faili humfikia kila mtu, pamoja na mpiga chapa atakayetoa kitabu cha michoro hiyo. Ni heri kosa libaki moja.

Ama idadi ya nukta, inasifiwa kupita kiasi. Ukurasa wa A4 ukiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi hutoa pikseli 2480 kwa 3508, kiasi kinachotosha kuchapwa kwa ukubwa uleule. Nukta 600 huruhusu kuukuza mara mbili. Zaidi ya hapo, kwa rangi ya maji au penseli, unapiga picha nyuzi za karatasi tu. (Mistari ya wino mweusi mtupu, kama ya vikatuni, ni kesi nyingine: hiyo hunufaika na nukta 1200.) Penye faida ya kweli ni kwenye biti. Kuskani kwa biti 16 kwa kila rangi badala ya 8 kunatoa ngazi 65,536 badala ya 256, na zile ngazi nane za anga yetu zinakuwa zaidi ya elfu mbili, kiasi kwamba unaweza kuzirekebisha bila rangi kukatika vipande vipande.

Skana yenyewe nayo ina mipaka. Zile nyembamba za aina ya CIS huona vizuri kilichogusa kioo tu. Karatasi iliyojikunja kwa unyevu ikiinuka kidogo, sehemu hiyo hufifia. Za aina ya CCD huvumilia zaidi. Na kwa kuwa katika skana nyingi taa humulika kutoka upande mmoja, vinundu vya karatasi ya rangi ya maji hutupa vivuli vidogo ambavyo mchoraji hakuvichora. Dawa ni kuskani mara mbili, mara ya pili karatasi ikigeuzwa nyuzi 180, kisha kuzipanga nakala hizo moja juu ya nyingine kwenye kompyuta, zikitazama upande mmoja, na kuchukua wastani wake. Vivuli vya pande mbili hufutana.

Kuna wanaoona kamera ya simu inatosha. Kwa karatasi bapa haitoshi, maana nayo hunoa, hulainisha na kung'arisha bila kuulizwa, na mwanga wa chumbani hauenei sawasawa. Lakini skana nayo si ya kila kazi. Wino wa dhahabu hutoka kahawia. Picha ya Tingatinga, rangi ya mafuta inayong'aa juu ya ubao mgumu, kwa kawaida huupita ukubwa wa kioo na mng'ao wake hurudisha mwanga ovyo. Hiyo yafaa kamera iliyotulia juu ya stendi, na taa mbili zinazofanana zikiwa nyuzi 45 kila upande.

Anayetaka kwenda mbele zaidi atumie kadi ya IT8 pamoja na programu ya bure ya ArgyllCMS kutengeneza wasifu wa ICC wa skana yake, yaani faili linaloeleza namna skana hiyo inavyozisoma rangi. Wasifu huo utasahihisha mengi. Hautaziokoa rangi za waridi na chungwa zinazowaka kama kalamu za kuangazia maandishi. Ung'avu wa rangi hizo hutokana na kuunyonya mwanga wa mawimbi mafupi, ukiwemo wa urujuanimno, na kuutoa tena kama rangi, na taa za LED za skana karibu hazina mwanga huo wa urujuanimno. Hata kama zingekuwa nao, wino nne za mpiga chapa haziwezi kuitoa rangi hiyo kwenye karatasi. Mchoraji anayejua kwamba kazi yake inakwenda kitabuni achague waridi la kawaida kabla hajalowesha brashi.